Siku namba 6 ilipoitwa shufwa na witiri: uchambuzi wa kipindi kimoja cha Hisabati

Ijumaa ya tarehe 19 Januari 1990, katika Shule ya Msingi Spartan Village mjini East Lansing, jimbo la Michigan, Marekani, watoto wa Darasa la Tatu walikuwa wakizungumzia kikao walichofanya na wenzao wa Darasa la Nne kuhusu namba shufwa (kama 2, 4, 6), namba witiri (kama 1, 3, 5) na sifuri. Mwalimu alitaka kusikia maoni yao kuhusu kikao hicho kabla ya kuendelea na somo. Mvulana mmoja akaleta lake. Alikuwa anaifikiria 6, akasema, na anaona inaweza kuwa shufwa na inaweza kuwa witiri pia, vyote viwili. Ukitaka kuipata 6 unaweza kuweka mafungu mawili ya vitatu, na unaweza kuweka mafungu matatu ya viwili.

Mwalimu alikuwa Deborah Loewenberg Ball. Wakati huo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na alikuwa akifundisha Hisabati katika darasa hilo la shule ya umma. Vipindi vya mwaka ule wa masomo, 1989/90, vilirekodiwa kwa video, ndiyo maana tunaweza kukifuatilia kipindi hiki kauli kwa kauli. Wengi wa watoto wale wazazi wao walikuwa wanafunzi wa chuo hicho, waliotoka nchi mbalimbali, na baadhi ya watoto walikuwa bado wanajifunza Kiingereza. Katika maandishi yake Ball anamwita mvulana huyo Sean, nami nitamwita hivyo. Wenzake nitawataja bila majina.

Kisa hiki kinajulikana sana miongoni mwa wanaofundisha walimu huko Marekani, na mara nyingi kinachosifiwa ni uvumilivu wa mwalimu kumsikiliza mtoto. Anastahili sifa hiyo. Lakini ukiishia hapo unakikosa kiini cha kisa. Kilichowawezesha watoto wa miaka minane na tisa kubishana kimantiki kwa muda mrefu bila kurushiana maneno matupu ni kwamba darasani palikuwa na fasili, yaani maelezo ya maana ya neno, waliyokubaliana, na kilichowafanya wakwame ni kwamba palikuwa na fasili nyingine ambayo bado hawajaiweka wazi. Hilo ndilo ninalotaka tuliangalie kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloweza kufanyika katika darasa lolote, hata lenye watoto 80.

Tuanze na pingamizi la kwanza. Msichana mmoja alikwenda kwenye mstari wa namba uliobandikwa ubaoni, akaanza na sifuri: shufwa, witiri, shufwa, witiri, mpaka akafika 6. Ikaangukia shufwa. Sasa inawezaje kuwa witiri, wakati kule mwanzo sifuri si witiri?

Ni hoja nzuri kwa mtoto wa umri huo. Ameona utaratibu unaopokezana na ameutumia kufikia hitimisho. Lakini itazame vizuri uone imethibitisha nini. Imethibitisha kwamba 6 ni shufwa, na Sean hakulikataa hilo tangu mwanzo. Yeye anasema 6 ni shufwa na ni witiri. Ili hoja ya mstari wa namba imfunge, inahitaji nguzo moja zaidi, kwamba hakuna namba inayoweza kuwa vyote viwili. Nguzo hiyo msichana aliichukulia kuwa ipo, na darasa zima likaichukulia hivyo hivyo. Sisi watu wazima nasi tunaichukulia hivyo, mpaka mtoto mmoja atuulize imetoka wapi.

Mwalimu akafanya jambo ambalo naliona ndilo la busara kuliko yote katika kipindi kile. Hakusema Sean amekosea wala hakusema amepatia. Aliuliza darasa: tulikubaliana shufwa maana yake nini? Mtoto mmoja akajibu kwa maneno ambayo walishayatumia siku zilizotangulia, kwamba namba ni shufwa ikiwa unaweza kuigawa sawa kwa sawa katika mafungu mawili bila kulazimika kukata kimoja nusu. Mwalimu akamgeukia Sean: 6 unaweza kuifanya hivyo? Ndiyo. Basi inatimiza fasili yetu, kwa hiyo ni shufwa? Ndiyo. Na inaweza kuwa witiri pia, akaongeza Sean, kwa sababu mafungu ya viwili yako matatu.

Mwalimu asiye na subira angemwona mtoto huyu mbishi. Mimi nikiisoma hoja yake polepole naona haina ufa wa kimantiki. Iandike hivi: namba yenye mafungu ya viwili ambayo idadi yake ni witiri, hiyo nayo ni witiri, 6 ina mafungu matatu ya viwili, 3 ni witiri, kwa hiyo 6 ni witiri. Hitimisho linafuata nguzo zake moja kwa moja. Tatizo liko kwenye nguzo ya kwanza, ambayo ni fasili ya Sean peke yake. Wenzake hawakuwa na fasili yao ya kuiweka mbele yake. Shufwa walikuwa wameielezea kwa maneno, lakini witiri ilibaki kuwa “zile nyingine”, na ukisema “zile nyingine” umeshaamua kimyakimya kwamba makundi hayo mawili hayaingiliani. Sean hakuwa ameamua hivyo. Alikuwa anatumia neno lisilo na fasili kwa namna iliyomwelea yeye.

Ndiyo maana kumwambia “hapana, 6 ni shufwa” kusingemsaidia kitu. Angerudia jibu la mwalimu kwenye mtihani na kubaki na wazo lake lilelile kichwani.

Kisha akasimama msichana mwingine, na hapa ndipo kipindi kinapopanda ngazi. Kabla ya kupinga, alianza kwa kueleza upya anachofikiri Sean anamaanisha: nadhani anasema kuna mafungu matatu ya viwili, na tatu ni witiri, kwa hiyo sita inaweza kuwa witiri na shufwa. Sean akakubali kwamba ndivyo. Naomba mwalimu anayesoma asilipite jambo hili haraka. Katika mabishano mengi, ya watoto na ya wabunge, mtu hupinga alichodhani mwenzake amesema. Mtoto huyu alihakikisha kwanza kwamba ameielewa hoja, tena kwa uwazi kuliko alivyoieleza mwenyewe, halafu ndipo akasema hakubaliani nayo.

Pingamizi lake lilikuwa la aina nyingine kabisa. Hakurudi kwenye 6. Aliuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini huziiti namba nyingine shufwa na witiri? Vipi kuhusu 10? Akachora ubaoni viduara kumi, akavitenganisha viwiliviwili, yakatokea mafungu matano. Tano ni witiri. Kwa nini basi 10 huiiti shufwa na witiri?

Alikuwa anamwambia kwamba kanuni ni kanuni: ukiitumia kwa 6, huna ruhusa ya kuiacha unapofika 10. Hii ndiyo mantiki ya hisabati yenyewe, na mtoto wa Darasa la Tatu ameifikia kwa viduara na chaki. Alitarajia kwamba Sean akiona matokeo hayo atarudi nyuma. Sean akamshukuru. Akasema hakuwa amelifikiria hilo, na kwamba sasa anabadilisha alichosema mwanzo: 10 nayo inaweza kuwa shufwa na witiri.

Darasa likachangamka. Na yule msichana akatoa hoja yake ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo kilele cha kipindi: ukiendelea hivyo, na kusema namba nyingine nazo ni shufwa na witiri, mwishowe tutajikuta namba zote ni shufwa na witiri, na kama zote ni shufwa na witiri, hata mjadala huu tusingekuwa nao.

Tuipime hoja hii kwa haki, bila kuipamba kwa sababu imetoka kwa mtoto. Sehemu yake ya pili ina nguvu sana. Kupanga vitu katika makundi kuna maana pale tu makundi yanapotofautisha. Kundi linalomeza kila namba halituambii lolote kuhusu namba yoyote. Hiyo ni hoja kuhusu kazi ya fasili, na watu wengi hawaifikii hata chuo kikuu. Sehemu ya kwanza, hata hivyo, haisimami. Chukua 4: mafungu mawili ya viwili, na 2 si witiri. Chukua 8: mafungu manne. Chukua 12: mafungu sita. Kanuni ya Sean haizigusi hizo. Na 5, 7 au 9 haziwezi hata kugawika viwiliviwili bila kubakiza kimoja. Kwa hiyo kanuni yake inachukua 2, 6, 10, 14, 18, 22 na kuendelea, kila baada ya nne, na inaziacha nyingine zote. Makundi yangebaki kuwa na maana.

Katika kipindi hicho, mtoto mwingine alikuja na kile kilichokosekana. Alieleza kwamba namba shufwa ukizipanga viwiliviwili zinaisha zote, na namba witiri nazo zina viwiliviwili ndani yake, ila mwishoni kinabaki kimoja. Akachora na kuzungushia jozi ili waone. Basi, fasili ya witiri ikawa mezani. Ukiiweka 6 mbele ya fasili hiyo, hakibaki kitu, na swali linajibika bila mwalimu kutumia mamlaka yake. Zaidi ya hapo, ile nguzo iliyokuwa imefichika sasa inaweza kuthibitishwa: ukipanga vitu viwiliviwili, ama kinabaki kimoja au hakibaki, hakuna hali ya tatu, na hali hizo mbili haziwezi kutokea kwa pamoja.

Kama ningekuwa namshauri mwalimu anayekutana na hali kama hii, ningemwambia aulize swali la “na witiri maana yake nini?” mapema zaidi, mara tu mtoto anapokubali kwamba 6 inatimiza fasili ya shufwa na bado anashikilia lake. Ball alishikilia fasili moja kwa uthabiti. Kuwadai watoto fasili ya pili palepale kungewapa silaha waliyokuwa wanaitafuta. Najua ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa amekaa na maandishi mbele yake, tofauti na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wanaonyoosha mikono wote kwa pamoja.

Lililofuata ndilo ambalo walimu hubishania hadi leo. Ball alilipa wazo la Sean jina. Aliwaambia watoto kwamba mwenzao amegundua aina ya namba ambazo hawakuwa wamezizungumzia, namba zinazoundwa na mafungu ya viwili ambayo idadi yake ni witiri, na wanaweza kuziita namba za Sean. Baadhi ya watoto wakaanza kuzichunguza: zinakuja kwa mpangilio gani? Ukijumlisha mbili kati yake unapata nini? Je, unaweza kuitambua kwa kuangalia tarakimu ya mwisho?

Mtu anaweza kuogopa kwamba mwalimu amehalalisha kosa. Kwangu mimi namba hizi si kosa. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, alizipa nafasi yake katika fasili zake za namba, kama namba ambazo ni shufwa mara witiri. Na zina tabia ya kushangaza. Chukua namba za mraba, yaani zinazopatikana ukizidisha namba nzima kwa yenyewe, 0, 1, 4, 9, 16, 25, na utoe moja kutoka kwa nyingine. Utapata 3 (4 kutoa 1), 5 (9 kutoa 4), 8 (9 kutoa 1), 12 (16 kutoa 4). Lakini hutapata 2, wala 6, wala 10, wala 14, hata uende mbali kiasi gani. Namba nzima ambazo haziwezi kupatikana kwa njia hiyo ni namba za Sean, na ni hizo tu.

Tazama pia swali la tarakimu ya mwisho, maana hilo mtoto wa shule ya msingi analiweza bila msaada. 6 ni namba ya Sean, 16 siyo, kwa kuwa ina jozi nane. 10 ni namba ya Sean, 20 siyo. 18 ni namba ya Sean, 8 siyo. Kumbe tarakimu ya mwisho haitoshi kuamua. Kwa nini inatosha kwa shufwa na haitoshi hapa? Kila kumi ni jozi tano kamili, kwa hiyo makumi hayabakizi kitu, na swali la shufwa au witiri linaamuliwa na mamoja peke yake. Lakini kila kumi moja inaongeza jozi tano, na tano ni witiri, kwa hiyo kila ukiongeza kumi idadi ya jozi inageuka, kutoka witiri kwenda shufwa na kurudi.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya madarasa yetu. Tanzania na Kenya, ukimuuliza mtoto shufwa ni nini, mara nyingi atakujibu ni namba inayoishia na 0, 2, 4, 6 au 8. Hicho ni kipimo kizuri cha haraka, na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kukifundisha kama ndiyo maana yenyewe. Mtoto mwenye kipimo hicho peke yake, Sean akimletea hoja yake, atasema “inaishia na 6, basi,” na mjadala umekwisha kabla haujaanza. Hana kitu cha kufikiria nacho. Mpe vizibo vya soda, avipange viwiliviwili, aone kinachobaki au kisichobaki, ayaseme hayo kwa maneno yake, na sentensi hiyo iandikwe kwenye kona ya ubao na isifutwe wiki nzima. Kipimo cha tarakimu ya mwisho kifuate baadaye, pamoja na swali la kwa nini kinafanya kazi. Vizibo havina gharama, na kuacha sentensi ubaoni hakuhitaji darasa lenye watoto wachache.

Kinachohitaji nidhamu zaidi ni mwalimu mwenyewe kuizoea kauli ya “tulikubaliana maana yake nini?” mahali ambapo amezoea kusema “sawa” au “si sawa”. Muda utapotea, hilo halina ubishi, na hakuna mwalimu anayeweza kufanya hivi kila siku huku mada zikimsubiri. Ila nadhani kuna maneno machache katika Hisabati ya shule ya msingi ambayo yanastahili muda huo: shufwa na witiri, kigawe, sehemu, mraba na mstatili. Ubishi wa kama mraba ni mstatili ni ndugu wa ubishi wa Sean, na unatatuliwa kwa njia ileile.

Ball mwenyewe hakuficha kwamba uamuzi wake ulikuwa na hatari. Je, watoto wangeondoka wakiamini kwamba 6 ni witiri? Siku chache baadaye alitoa jaribio. Wote waliweza kutoa fasili sahihi ya namba witiri, na wote walizitambua namba shufwa na witiri na kutoa sababu. Katika swali moja walitakiwa kuweka namba ndani ya duara mbili zinazopishana, moja ya shufwa na nyingine ya witiri. Mojawapo ya namba hizo ilikuwa 90, ambayo ina jozi 45, kwa hiyo ni namba ya Sean. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeiweka pale duara zinapopishana.

Na fasili ile ya “kinabaki kimoja” ina kazi nyingine. Katika darasa hilohilo watoto walikuwa na dai kwamba witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa. Walijaribu mifano mingi na yote ikakubali. Ndipo wasichana wawili wakasema hawawezi kuthibitisha kwamba ni hivyo siku zote, kwa kuwa namba haziishi, na huwezi kuzijaribu zote. Walikuwa sahihi kabisa kuhusu mifano: hata mifano elfu haithibitishi. Mwenzao akajibu kwa kuchora mistari saba upande huu na saba upande ule, akaizungushia viwiliviwili. Kila upande ukabaki na mstari mmoja. Ile miwili iliyobaki inaungana na kuwa jozi, kwa hiyo hakuna kinachobaki. Hakuwa anazungumzia 7 na 7. Alikuwa anazungumzia kile kimoja kinachobaki katika kila witiri, namba iwe ndogo au kubwa kiasi gani, na kwa sababu hiyo uthibitisho wake haukuhitaji kusubiri namba ziishe.